Kulungu wa Pili na Simu ya Brent

Marlys shoga, niko hai. Lile gari la majaribio, linalojiendesha, limegonga kulungu nje ya mji wa Escanaba!!

Wa kwanza alivuka, gari likasimama vizuri. Kuondoka tu, wa pili akachomoka vichakani. Nikakanyaga breki, nikachelewa. Vipande vya kioo vimenijaa mapajani.

Nampigia bosi, hata hakuuliza kama nimeumia! Eti, "Sema ulizima mtambo wa kujiendesha, ukaendesha mwenyewe."

Nikamwambia, "Hebu rudia, Brent, sijasikia."

AKARUDIA! Tena kwa ukali: "Sema kosa ni lako, la sivyo huna kazi!"

Marlys, simu ilikuwa kwenye spika. Askari aliyekuja kupima ajali ameinama dirishani kwangu, anasikiliza.

Akasema, "Asante, bwana. Jina lako kamili?"

Brent akakata simu!

Mwambie mumeo, yule Brent aliyemsingizia mpaka akafukuzwa kazi, leo nimemlipizia kisasi. Na nimefurahi, sikufichi.