Kivuli cha Baba Nimekikata Mwenyewe

Alhamisi, Kibugu. Baridi, mawingu mazito, na mvua haijaamua kama itanyesha. Wanafunzi wamekwenda nyumbani. Nimebaki darasani peke yangu kwa sababu sina uso wa kwenda kukaa alipo Baba. Daftari hili likikutwa nimekwisha, lakini nisipoandika nitapasuka.

Mikono yangu imejaa malengelenge.

Baba alipopofuka, alinyamaza karibu msimu mzima. Kisha siku moja akaniomba nimtengenezee mahali pa kupumzika. Nyuma ya nyumba, pale shamba linapoanza kuteremka kuelekea msituni, kulikuwa na mti wa mringaringa alioupanda ujanani. Nilipigilia ubao wa mtarakwa chini yake, nikaotesha ua wa vichaka upande wa msitu ili upepo usimpige. Mke wangu Wanja akapanda mnanaa kuzunguka kiti. Nikafunga kamba ya katani kutoka mlangoni hadi pale, ili Baba aende na kurudi bila kuongozwa na mtu. Alikaa akisikiliza nyuki waliokuwa mzingani juu yake. Ni hapo alipoanza kucheka tena.

Hata mimi nilipapenda. Nilikuwa nikitoka shuleni kichwa kinauma, nakaa kando yake, na baada ya muda najiona mtu tena.

Mdogo wangu Njagi aliingia msituni kuungana na wanaopigana na wazungu, baada ya Hali ya Hatari kutangazwa. Nyumbani hatumtaji. Lakini majuzi nilimwona Baba akienda kwenye kiti chake na nduma mbili za kuchemsha, kazifunga kwenye jani la mgomba na kuzificha ndani ya koti. Aliporudi hakuwa nazo. Kesho yake hivyo hivyo. Sikuuliza. Nilijua ni nani anayefika upande wa pili wa ule ua jioni, kabla ya saa ya kafyu.

Jumanne, Nthiga alinisimamisha njiani. Yeye ndiye mkubwa wa homugadi, askari wenyeji wa serikali, hapa kwetu, na tulisoma darasa moja.

"Mwalimu, ule ua wa nyuma ya nyumba yenu umekuwa mzito. Kuna watu wanauliza ni nani anakaa pale."

"Ni baba yangu. Haoni."

"Haoni, lakini mikono anayo."

Niliwaza kutiwa kizuizini. Niliwaza Wanja na watoto. Mdomo ukatangulia: "Nitaukata mwenyewe. Ua pamoja na mti."

Nthiga hakuwa ametaja mti. Huo niliuongeza mimi.

Leo kulipopambazuka nikachukua panga na shoka. Ua haukunichukua muda. Nikaushusha mzinga kwa moshi, nyuki wakaenda zao, nikaanza kukata mti. Ulipoanguka Baba alisikia. Alikuja ameishika kamba mpaka matawi yakamzuia. Akainama, akapapasa, akafikia kisiki, akakaa juu yake.

"Nani amekata?"

"Ni mimi, Baba."

"Walikulazimisha?"

Nikasema ndiyo.

Alitikisa kichwa taratibu. "Kama walikulazimisha, sina neno na wewe."

Natamani angenipiga.

Saa saba nilirudi nyumbani kula, nikamkuta Nthiga uani na watu wawili wenye bunduki. Alikuwa anatazama ule mteremko, ambao sasa uko wazi mpaka ukingo wa msitu. Alinishukuru. Akawaonyesha wale wawili mahali pa kujibanza, nyuma ya ghala letu la mahindi, wasubiri jioni. Njagi hana habari kwamba ua haupo. Akitokeza tu, ataonekana.

Wanja alikuwa jikoni. Aliniambia Baba hajaondoka kwenye kisiki tangu asubuhi, na amekataa chakula. Nikamwendea, nikamshika mkono.

"Baba, mvua inakuja. Twende ndani."

Alijibu kwa sauti ya chini, ili wale wasisikie. "Niache. Nikikaa wazi namna hii ataniona kabla hajatoka kwenye miti. Atajua pameharibika."

"Na wakianza kupiga risasi?"

"Mimi sioni, wewe unaona. Sasa unaniuliza mimi?"

Nikauachia mkono wake, nikarudi shuleni kufundisha hesabu. Nimefundisha mpaka kengele. Sikumbuki nilichoandika ubaoni.

Ninawalaumu Nthiga, wazungu na vita hivi, lakini kila nikirudi nyuma naukuta mdomo wangu, pale njiani, ukitoa kitu ambacho hakuna aliyekiomba. Nilitaka nionekane mwaminifu kuliko nilivyotakiwa. Kwa ajili hiyo huenda jioni hii nikazika ndugu, au baba, au wote wawili.

Sijasikia mlio wowote mpaka sasa. Kutoka hapa mlio ungesikika.

Nafunga daftari. Sina uwezo wa kuurudisha mti wala kumtumia Njagi salamu. Ninachoweza ni kwenda kukaa kando ya Baba, mahali paonekanapo, tuwe wawili, na kumwambia kwamba hakuna aliyenilazimisha. Nadhani anajua tayari.

Kisiki ni kidogo. Sijui kama atasogea nipate nafasi.