Nimeacha Kuogopa, Sasa Mwenzangu Hataki Kupanda Nami

Shangazi, shikamoo. Naomba unisaidie kabla sijapoteza kazi. Mimi nasafisha vioo vya maghorofa kwa nje, mwaka wa tisa huu, na mwaka huu ndipo hofu iliponivaa, kamba iliteleza kidogo tu, kama shibiri moja, lakini tangu siku hiyo nikifika ghorofa ya nne nakumbatia kamba, usingizi sipati, chakula hakipiti, mke wangu akadhani nimepata mtu wa nje, ndipo shemeji yangu mwalimu, mtu wa vitabu vinene, akaniambia, "Shemeji, dunia haina maana. Unaiuliza, inakunyamazia. Wewe icheke, endelea na kazi." Nikaona anapayuka, ila kesho yake nikiwa juu nikawaza, nafuta vumbi ambalo Jumatatu litarudi, natetemekea nini, nikacheka peke yangu, na hofu ikaondoka, wiki ya tatu sasa nalala kama mtoto. Shida ni mwenzangu wa jukwaa la kuning'inia, tunamwita Mzito. Kila asubuhi kabla ya kupanda tulikuwa tunakaguana mafundo ya kamba, mimi lake, yeye langu. Mimi nimeacha, maana kukagua ni kuibembeleza dunia ikuahidi kitu, na dunia haina ahadi. Yeye bado anakuja kulivutavuta langu kama mama mkwe. Juzi amegoma kupanda nami, akasema, "Ukitaka kucheka, cheka baada ya kukagua," na msimamizi ametupa hadi Ijumaa tuelewane au atafute wengine. Nimwelimisheje mwoga huyu?

Mwanafalsafa wa Ghorofa ya Tisa

Marahaba, mwanafalsafa, na hongera. Wengine huzeeka wakiitafuta hekima, wewe umeipata kwa wiki tatu, ndoo mkononi.

Kwanza pole. Kukosa usingizi kwa hofu ni mateso, simcheki mtu kwa hilo. Na shemeji yako hakukudanganya, ukilicheka jambo kubwa moyo hupata pa kupumulia. Tatizo ulisikiliza nusu ya somo ukakimbilia cheti. Alisema icheke, endelea na kazi. Kukagua fundo si kazi? Vumbi lisilo na maana unalifuta kwa bidii, fundo ndilo likakosa maana?

Halafu soma tena barua yako. Fundo uliloacha kukagua si lako, baba, ni la Mzito. Lako linakaguliwa kila siku. Kwa hiyo falsafa yako unaijaribu kwenye mgongo wa mwenzio, kisha mwoga ni yeye. Nyani haoni kundule. Ujasiri wa aina hiyo hata mimi ninao, hapa nilipo kwenye kiti.

Tena nakushuku. Nadhani hukagui kwa sababu ukiishika ile kamba mikono inatetemeka, na hutaki kuiona ikitetemeka.

Kesho wahi kufika. Mwombe radhi Mzito kwa maneno machache, vitabu viache nyumbani. Kagua fundo lake, livute mara mbili, mikono ikitetemeka iache itetemeke. Kisha pandeni, ucheke mpaka mbavu ziume.

Dunia haijakuahidi kitu, hilo nakubali. Aliyekuahidi ni huyo unayemwita mwoga, na hajakosa hata asubuhi moja.