Matundu ya Ngeleka Hayana Miba

Jumanne, 16 Machi 1993
Shefu Nkulu amepitisha kidole mdomoni mwa matundu aliyotoboa mwenzangu Ngeleka, akatabasamu kama mtu anayepapasa shavu la mtoto. Kisha akapitisha kwenye matundu yangu — akafyonza damu. "Tata Kisimba, we unachonga flanji ya pampu ao unafuga nungunungu?" Atelie nzima ikacheka.

Taro ni ileile, chuma ni kilekile, na nguvu namzidi. Lakini mi nikizungusha taro kukata nyuzi za kushika bulo, ile bolti, mdomoni mwa tundu panabaki miba. Kwake hakuna. Laini kama ganda la yai!

Jumatano, 17 Machi
Nimemchungulia. Ana kopo dogo, anachovya taro kabla ya kuzungusha. Dawa ya Kasai, kwa babu zake, nikajiambia. Alipoenda kunywa maji nikanusa — mawese! Mawese ya sokoni.

Nikachovya yangu. Miba ileile, na sasa flanji inanukia mboga ya sombe. Nikaipiga tupa, miba ikajilaza ndani ya uzi, bulo likakwama.

Nyumbani mke wangu Mado naye: eti mke wa Ngeleka amemwambia wanamsifu sana mumewe kule kazini. Sikula. Yaani, nilikula kidogo.

Jumatatu, 22 Machi
Vijana wamepita mtaani Dilala wakiimba, "Bakasai barudie kwabo!" Ngeleka amezaliwa Kolwezi hii hii, kama mimi. Kwao ni hapa. Nikawapisha njia.

Getini vijana walewale wamemzuia kuingia kazini. Mi nimepita. Nikaenda kusimama kwenye eto yake, jiliwa ya kubania chuma, nikajipima — hakuna atakayesoma hii. Iko juu kidogo kwangu. Hata asipokuwepo ananizidi kimo.

Alhamisi, 25 Machi
Pampu ya mgodi wa Mutoshi imefunguliwa, shimo linajaa maji. Shefu ameniita pembeni: "Flanji safi Jumamosi, eto ni yako. Kama hapana, ninaita mutu wa Tenke."

Mtu wa Tenke! Mgeni kutoka mji mwingine!

Nimejaribu flanji moja. Nimeiharibu.

Ngeleka na familia yake wako stesheni na wenzao wote waliofukuzwa, wanalala chini ya maturubai, wanangoja treni. Kwa nini aondoke na ujuzi wake wote? Masufuria yake yanatosha kubeba.

Nimeona nilichoandika. Nakiacha.

Jumamosi, 27 Machi — stesheni
Nimekuja na flanji, taro na meshi za kutobolea ndani ya gunia. Njiani nilipanga maneno ya kumbembeleza, na uongo wa akiba.

Yeye: "Eh, tata Kisimba! Lete." Basi. Uongo wangu wote bure.

Akaweka flanji juu ya sanduku, akaibana kwa magoti. Akaniuliza kama nikishatoboa tundu naingiza taro palepale. Nikakubali.

"Ah-ah! Kwanza kamata meshi kubwa, fungula mudomo kidogo, pande zote mbili. Uzi ukose kitu ya kusukuma inje. Kisha zungusha mbele, rudisha nusu, ile takataka ikatike. Pole pole, tata."

Nikamwuliza kwa nini alinificha miaka yote hii.

"Kukuficha? Kitenge aliuliza, nikamuonyesha. Benzako bote baliuliza. We hukuniuliza hata siku moja."

Wote! Kumbe ni mimi peke yangu niliyekuwa napeleleza kitu kilichokuwa kikigawiwa bure. Hata Kitenge, yule anayepotea njia ya choo!

Nikafanya tundu la kwanza mwenyewe. Afadhali, lakini lachoma bado. Akanipokonya: "Leta, utaniharibisha jina."

Jina lake! Kwenye flanji yangu!

Naandika nimekaa juu ya furushi lao. Treni imeshaingia, watu wanapandia madirishani, mizigo inarushwa. Mkewe, Mama Tshiela, yuko ndani na watoto. Anapiga kelele: "Baba ya batoto, panda! Treni ingine hatuijue!"

"Baningoje," anasema Ngeleka. Hainui kichwa.

Honi. Bado matundu mawili. Mama Tshiela hamwangalii tena mumewe, ananiangalia mimi. Anajua nani wa kumwambia mtu huyu inatosha. Mtu wa Tenke hatafika leo. Hayo mawili ningeweza kujaribu mwenyewe. Pengine yangechoma kidogo tu.

Mabehewa yameshtuka, treni inaanza kuondoka. Anazungusha mbele, anarudisha nusu. Neno moja tu, Kisimba: inatosha. Lakini tazama tundu linavyotoka, mdomo laini kabisa, bila —