Papa Dany na Vidonge Vilivyobaki Nyakasanza

Mwaka umetimia, Papa Dany, tangu ulipoondoka hapa Nyakasanza kwenda Tchomia kununua samaki, ukasema utarudi keshokutwa. Walikuzika hukohuko, kwa sababu vita vilikuwa vimefunga barabara.

Sisi wa nyumbani kwako tunakukumbuka. Tunakumbuka harufu ya samaki wa moshi kwenye koti lako, ambayo hakuna sabuni iliyoiweza. Kila jirani aliyebisha hodi soko lilipofungwa, ulimkatia nusu ya samaki. Samaki walionona uliwapa majirani, na sisi ukatuachia vichwa. Mtoto wetu Gentille mpaka leo hapendi vichwa.

Mimi mkeo, Jeanine, nakumbuka zaidi asubuhi. Uji kwanza, halafu vidonge vyako vya prednisolone, kutoka mkononi mwangu. Figo zilipokusumbua, muuguzi Isidore alituketisha wote wawili akasema: "Papa, hii dawa usiiache hata siku moja. Mwili yako imezoea kuitegemea. Ukiacha mara moja, itaanguka."

Nilizipenda asubuhi zile kwa kuwa zilikuwa zangu. Jioni zako nyingi zilikuwa za Anastasie, yule mama wa Tchomia ambaye watu humwita mke mdogo, na mimi kwa miaka sikumwita kitu. Nilimwonea wivu, na hata leo namwonea. Dawa ilikuvimbisha mashavu, na Tchomia nzima ikamsifu yeye: mwanamke yule anajua kupika, tazameni mume alivyonona. Mashavu yale yalitoka kwenye kopo langu la vidonge, Papa Dany, na sifa akala yeye.

Nilikuomba umwambie. Ukacheka. "Mama Dany, achana na hiyo. Ule anafikiri hii mashavu ni kazi ya samaki yake. Akijua ni dawa, nitakuwa mugonjwa mu macho yake." Kwake ulitaka kuwa mzima. Vidonge vya safari ulivifunga kwenye karatasi, ukavimeza ukiwa umempa mgongo.

Safari ile vita vikakufungia huko, na vya mfukoni vikaisha. Vingine vilikuwa hapa, kwenye kopo la maziwa juu ya kabati, nami kila asubuhi nikivitazama bila mtu wa kumtuma. Kule ulianza kwa uchovu, halafu kizunguzungu kila ukisimama, tumbo kuuma, kutapika. Anastasie alidhani ni malaria, kama ambavyo yeyote angedhani. Alikimbia kituo cha afya risasi zikilia, akakuletea kinini. Dawa yako ilikuwamo katika kabati hilohilo la kituo lililotoa kinini. Muuguzi wa kule alimwambia Anastasie hivyo baada ya mazishi, nilipokuwa nimeshamtumia habari ya vidonge naye akamweleza muuguzi ulivyougua.

Ulimfia yeye mikononi. Maneno yako ya mwisho anayo yeye, na sijamuuliza. Hata kaburi lako analifagia yeye.

Barabara ilipofunguka alikuja kwenye matanga na koti lako limekunjwa vizuri. Aliketi chini mbele yangu. "Yaya, dada yangu mkubwa, ningejua, ningeileta. Risasi haingenizuia." Nilitafuta uongo usoni pake ili nimchukie kwa raha, nikaukosa. Nilimpa chai.

Ninyi mnaosoma, mlio na mtu anayemeza dawa ya namna hii kwa muda mrefu: haiachwi ghafla, hata akijisikia mzima. Akisafiri, abebe ya ziada. Akiikosa au akiitapika, mkimbizeni kwa daktari na mtaje jina la dawa. Na kila nyumba anakolala, wenyewe waijue.

Nilitaka uwe wangu peke yangu, Papa Dany. Lakini siku zile ningetoa asubuhi zangu zote ili uwe na wake wawili wanaojua.

Tunaokukumbuka: mkeo Jeanine, watoto wako Dany na Gentille, kaka yako Léon, na Anastasie, ambaye jina lake nimelitia hapa mimi mwenyewe. Hutasahaulika Nyakasanza, wala huko Tchomia ulikolala.