Mwalimu wa Jiwe

Jumamosi, saa kumi na moja jioni. Baridi ya Juni, ile ya kuvaa sweta juu ya sweta. Mapaja yanauma. Nimekaa uani kwangu, hapa Mshangano, kwenye kiti cha plastiki, kwa sababu ndipo pekee leo ninapoweza kuinuka bila kusaidiwa.

Leo nimepanda Matogoro kwa mara ya kwanza maishani.

Kwa wanaonifahamu hiyo ni habari. Nafundisha jiografia sekondari, na huu ni mwaka wangu wa kumi na sita hapa Songea. Kila mwaka nawafundisha Kidato cha Pili kwamba Mto Ruvuma unaanzia kwenye milima hii, ile wanayoiona wakichungulia dirishani, na kila mwaka nawaeleza jinsi nilivyopanda nikakiona chanzo chake kwa macho yangu. Sikuwa nimepanda. Sikuwa nimevuka hata geti la hifadhi.

Ilianza mwaka wangu wa kwanza kazini. Nilikuwa nimetoka kwetu Namtumbo, kijana, suruali imepigwa pasi ikanyooka, na mwanafunzi mmoja wa dawati la nyuma akauliza kama mwalimu ameshafika huko juu. Ningesema hapana, somo lingeendelea. Nikasema ndiyo. Baada ya hapo ikabidi nieleze nilichokiona, nikaeleza jiwe. Jiwe jeusi, kubwa kama kihenge cha mahindi, na maji yanatoka chini yake, ya baridi mpaka yanauma meno.

Somo letu hufundishwa kwa Kiingereza. Jiwe nililieleza kwa Kiswahili. Nadhani ndiyo maana halikuwatoka kichwani. Mengine waliyakariri kwa ajili ya mtihani, lakini jiwe walilielewa.

Kisha likawa sehemu ya andalio la somo. Mwaka wa tano nikaongeza nyoka wa kijani aliyelala juu ya jiwe, hana habari na mtu. Mwaka wa saba nikamtoa, kwa sababu wazazi wawili walikataa watoto wao kwenda na klabu ya mazingira. Klabu ilikwenda hivyo hivyo. Mimi nilikuwa naumwa goti. Kila klabu inapokwenda, goti langu huuma. Waliporudi wakasema hawakuliona jiwe, niliwaambia hawakufika mbali vya kutosha.

Niliwaambia hivyo watoto waliotembea tangu asubuhi, vumbi likiwa bado magotini.

Wiki iliyopita akanipigia Oliva. Nilimfundisha miaka mingi iliyopita; sasa ni mwongozaji wa wageni huko hifadhini, na ana miaka kama ishirini na saba. Alisema wamefungua njia ya baiskeli hadi karibu na chanzo na kwamba mimi lazima nifike, Jumamosi hii, bila kukosa. Nikaanza kumweleza habari za goti. Mke wangu alikuwa anachambua maharage pembeni yangu. Ni yeye peke yake duniani aliyejua ukweli. Hakuinua hata macho.

"Nenda, Baba Neema," alisema. "Hilo goti nalo lipumzike."

Kwa hiyo leo alfajiri nikatoa baiskeli stoo, nikajaza upepo, nikapita mjini wakati wauza vitumbua ndio kwanza wanawasha moto. Njia ya mwongo ni fupi, wanasema. Yangu ilikuwa ndefu, na karibu yote ni ya kupanda.

Oliva alikuwa getini na baiskeli yake, fulana ya kijani, buti za kazi. Akapiga goti kidogo kunisalimia, pale pale mbele ya watu. "Shikamoo, mwalimu." Huku kwetu jina la mwalimu haliishii kwenye mpaka wa shule. Ukimfundisha mtu mwaka mmoja, ni mwalimu wake mpaka mmoja wenu azikwe. Akamgeukia mlinzi na kusema, kwa furaha ya kweli, "Huyu ndiye mwalimu wangu wa jiwe."

Mlinzi akacheka. "Kumbe ni kweli," alisema.

Sikuuliza anamaanisha mimi au jiwe.

Tulipanda. Nasema tulipanda, lakini yeye alikuwa anaendesha na mimi sehemu kubwa nilikuwa nasukuma. Mnyororo wangu ulichomoka mara mbili, na mara zote mbili aliurudisha yeye huku nikimshikia taa ya simu, maana ukungu ulikuwa mzito. Miti ilikuwa inadondosha maji ingawa mvua hakuna. Nilikuwa najiangalia kama ninavyomwangalia mwanafunzi asiyejua jibu, ambaye bado amenyoosha mkono.

Katikati ya mlima kuna sehemu wamesafisha, wageni wanasimama kupiga picha. Ukungu ulifunguka dakika chache na Songea yote ikawa chini yetu: mabati yanang'aa, barabara ya Namtumbo inaelekea mashariki, moshi wa majiko umetulia juu ya mitaa. Niliitafuta shule yangu nikaipata. Kutoka pale ni ndogo sana. Tulikunywa maji, na ndipo Oliva akaniambia kwa nini aliniita.

Aliomba kazi hii kwa sababu ya jiwe. Kwenye usaili walimuuliza anaijua vipi milima hii, akawaeleza jiwe. Amelitafuta mwaka mzima, siku za kazi na siku za mapumziko, na hajaliona. Wenzake wanamcheka. Jumatatu fundi wa kuandika anakuja kuandika kibao cha chanzo cha mto, na yeye amewazuia wasipange maneno mpaka mimi nifike.

"Nimewaambia mwalimu wangu ataonyesha mwenyewe," alisema. "Wakibisha na mimi sawa. Na wewe hawawezi kubisha."

Hapo ndipo nilipaswa kusema. Tulikuwa wawili tu, upepo unavuma, hakuna hata ndege wa kutusikiliza. Nilifungua mdomo nikauliza njia iliyobaki ni ndefu kiasi gani.

Chanzo cha Mto Ruvuma ni mahali palipolowa. Sina namna nyingine ya kupaeleza. Ni bonde dogo lenye majani na mizizi, upana wake kama mkeka, na maji yanachuruzika kutoka ardhini taratibu bila kelele. Unaweza kupita ukadhani ni matope ya jana. Mto unaofika hadi baharini, unaotenga nchi na nchi, mwanzo wake unalowesha soli ya kiatu tu. Nilichuchumaa nikayaonja. Yalikuwa ya baridi, ila meno hayakuuma. Palinipendeza kuliko jiwe langu, na niliona aibu, aibu ya kupanda moto masikioni, kwamba kwa miaka yote hiyo niliwanyima watoto mahali hapa nikawapa kitu changu.

"Sisi huwa tunaonyesha hapa," alisema Oliva. "Sasa mwalimu, jiwe liko wapi?"

Kama hatua ishirini kutoka pale, kando ya njia ya baiskeli, kulikuwa na jiwe. Jeusi jeusi hivi, halijafika kihenge, labda ndoo kubwa mbili. Lilikuwa na udongo mwekundu mgongoni, nikadhani ni vumbi la njia.

"Lile pale," nilisema.

Aliliangalia. Akaniangalia. Akaliangalia tena.

"Na maji yalikuwa yanatoka upande gani?"

"Upande wa mashariki," nikasema. Hata sauti ilikuwa ile ya darasani. "Miaka mingi imepita, jiwe linaweza kuzama."

"Asante, mwalimu," alisema. Akaniomba nisimame kando yake, akanipiga picha. Nilitabasamu. Naandika hilo kwa sababu nilikuwa naomba nisilikumbuke.

Kushuka alitangulia, hakuzungumza sana. Nilijiambia anakazania breki. Getini alinishukuru tena, akaniambia nimsalimie mama, na hakumwambia mlinzi neno lolote kuhusu jiwe. Aliahidi kunitumia picha. Hajaituma mpaka sasa.

Nimekuwa nikiitafuta namna ya kulisema jambo hili lipendeze. Naweza kuandika kwamba bila uongo wangu Oliva asingepanda mlima, asingeupenda, asingepata kazi. Ni kweli, na ni ujanja. Ukweli mwingine ni kwamba msichana ametumia siku zake za mapumziko kupekua msitu, anachekwa na wenzake, na leo, alipokuwa amesimama mbele yangu akiniamini kuliko anavyoamini macho yake, nimemwongezea jiwe la pili. Jumatatu litaandikwa kwa rangi. Wageni watalipiga picha, na Kidato cha Pili watakwenda na klabu na safari hii wataliona.

Nimeacha kuandika kidogo, nimemtumia Oliva ujumbe. Niliufuta mara nne kwa sababu kila mara ulikuwa na maelezo ndani yake. Mwisho ukabaki hivi: "Oliva, sikuwahi kupanda Matogoro kabla ya leo. Jiwe nililitunga, na la leo nimekudanganya. Usiliandike. Nisamehe."

Alama mbili zimegeuka buluu. Mke wangu amepita na sufuria, ameniona uso, akaweka chai mezani bila kuuliza.

Jibu limekuja wakati chai imeshapoa. Nalinakili lilivyo.

"Shikamoo mwalimu. Lile jiwe tulilivingirisha pale sisi wenyewe mwezi uliopita, tulipokuwa tunafungua njia ya baiskeli. Lilitupa kazi siku nzima. Ulipolionyesha nilijua. Nilishindwa kukuambia, wewe ni mwalimu wangu. Kibao wataandika chemchemi tu, usijali."

Udongo mwekundu mgongoni. Jiwe lililopinduliwa, upande wa chini uko juu. Ni mada ninayoifundisha.

Nimesoma tena ule mstari wa "nilishindwa kukuambia". Amelibeba jambo hilo mlima mzima kushuka, akanishukuru getini, akaniagiza salamu kwa mama, ili mimi nisiaibike. Hilo sikumfundisha mimi.

Nilipokuwa nafikiri nimjibu nini, ukaingia ujumbe mwingine.

"Na yule nyoka, mwalimu?"

Nimeandika: "Hakuwepo." Akanitumia "Sawa" peke yake, bila kitu kingine. Nadhani hilo limemuuma kuliko jiwe. Nami limeniuma, zaidi ya mapaja.

Jumatatu kipindi cha kwanza ni Kidato cha Pili, na mada ni mito. Kuna mtoto wa dawati la nyuma ambaye atauliza kama mwalimu ameshafika huko juu. Kila mwaka yupo mmoja. Nitamjibu kwa Kiswahili, ili asisahau. Nimefika juzi. Hakuna jiwe.