Maelezo ya Mke wa Fundi Patient Muhire kuhusu Kompresa Iliyolipuka Nyamityobora

MAELEZO YA SHAHIDI
Yameandikwa kituo cha polisi, Mbarara, Alhamisi tarehe 27 Machi 2014, kuanzia saa nne na robo asubuhi.

Jina: Bénédicte Mukandoli
Umri: miaka 31
Kazi: kuuza maziwa
Makazi: Juru, kambi ya Nakivale. Asili: Kivu Kusini, Kongo.

Mimi ndiye mwenye jina hapo juu. Nazungumza Kiswahili cha kwetu, na afande anaweka maneno sawa anapoandika. Nimekuja kusema ninayoyajua juu ya kifo cha mume wangu, Patient Muhire, fundi wa friji, aliyekuwa na miaka 36.

Patient alisomea ufundi Bukavu kabla hatujakimbia mwaka 2009. Mwaka 2012 alikodi chumba cha kazi Nyamityobora, hapa Mbarara, kwa mama mmoja anaitwa Hajara. Mimi nilibaki Juru na binti yetu Mariette. Kila Jumatatu nilikuja Mbarara na maziwa, nikirudi Jumatano.

Kikundi chetu Nakivale kina tangi la kupoza maziwa linaloendeshwa kwa jenereta. Mwezi wa Aprili 2013 kompresa ya tangi, mashine inayobana gesi ya kupoza, ilianza kuinywesha jenereta mafuta mengi na kupoza kidogo. Ikifika saa nane mchana maziwa yameshachacha, tunamwaga. Tulikuwa wanawake kumi na tisa. Patient akaja kuichukua.

Afande ameniambia kwamba Hajara ameeleza kuwa mume wangu alikuwa anachezea kitu asichokijua. Naomba iandikwe alichokuwa anafanya. Ndani ya kompresa ile mna sahani mbili zenye kuta zilizojikunja kama ganda la konokono. Moja imetulia. Nyingine inazunguka ndani yake na kubana gesi kuelekea katikati. Gesi ikishabanwa, inazisukuma ziachane. Zikiachana hata kwa unene wa unywele, gesi inavuja kurudi nyuma na mashine inaibana upya, inakula nguvu bure. Na ukiikandamiza sana ile inayozunguka, zinasagana mpaka zinaisha. Patient alitoboa tundu dogo ili gesi iliyobanwa nusu ipite ikae mgongoni mwa sahani, iisukume kurudi mahali pake, izidi kidogo tu ile inayoisukuma kutoka mbele. Hicho kidogo ndicho alikuwa anakitafuta. Aliharibu sahani mbili. Alikitafuta miezi kumi.

Mnamo tarehe 18 Februari 2014, saa tano asubuhi, nilikuwepo alipowasha na sahani ya tatu. Kazi yangu ilikuwa kuandika kipimo cha umeme kwenye daftari. Zamani ilikuwa ampea kumi na nne, na mshale ukirukaruka. Siku ile ulisimama kwenye kumi na mbili.

Aliniita: "Mama Mariette, kuya uone. Zinasukumana, lakini hakuna yenye inashinda ingine."

Nikamuuliza kama imepona. Akasema, "Tungojee mwezi moja. Nitaifungua niangalie kama zimekwaruzana."

Alingoja karibu mwezi. Tarehe 15 Machi aliifungua, hapakuwa na mkwaruzo. Akaichomelea ganda lake tena. Ilibaki kuijaza gesi ya azoti, yaani naitrojeni, na kuizamisha ndani ya maji, kuona kama kuna fasi inavuja. Azoti haichochei moto. Aliniambia tangu mwanzo kwamba oksijeni, ile ya wachomeleaji, ikikutana na mafuta ya kompresa inalipuka.

Jumatatu tarehe 17 Machi, saa kumi jioni, alinituma Biharwe kwa Faizo, anayeuza gesi. Alisema: "Useme azoti. Chupa ya kijivu." Nilimwambia Faizo hivyo hivyo. Aliingia ndani, akakawia, akatoka na chupa ndogo ya kijivu. Akasema, "Hii ndiyo ile ya siku zote, mama. Beba tu."

Nimesomewa kwamba Faizo anasema alimpa Patient mwenyewe, na alimwambia ni oksijeni. Si kweli. Patient hakufika Biharwe siku hiyo. Ni mimi niliyeipokea.

Nilipanda bodaboda, chupa nimeipakata. Nilipofika niliona rangi ya kijivu imeshika kwenye kitenge changu, ilikuwa haijakauka. Chini yake palionekana weusi; leo afande ameniambia kwamba chupa nyeusi ni za oksijeni. Nilifikiri wameipaka upya ili ipendeze. Sikumwambia Patient. Kitenge hicho nimempa afande leo.

Jumanne tarehe 18 Machi, saa nne na dakika arobaini asubuhi, Patient alikuwa anaunganisha mpira wa gesi. Aliniomba maji ya kujaza karai. Nilikuwa bombani, hatua kama ishirini, nikasikia mlio mmoja. Bati la dirisha lilianguka mbele yangu. Nilimkuta amekaa, mgongo ukutani. Jirani alitupeleka hospitali kwa pikapu. Njiani Patient alisema, "Ile haikukuwa azoti." Hakuuliza ni nani aliyekosea. Nilimwambia kuhusu rangi. Sijui kama alinisikia. Alifariki saa sita na robo.

Tulimzika Nakivale tarehe 20. Baada ya mazishi, Madeleine, mwenyekiti wa kikundi, aliniuliza kwa upole kama kuna fundi mwingine anayeweza kufanya kama Patient alivyofanya. Nilimpa daftari. Amelionyesha kwa fundi mmoja wa Rugaaga. Huyo fundi amesema hesabu za umeme ni nzuri, lakini anataka kujua tundu lina upana gani, na alilitoboa wapi. Sahani yenyewe ilipasuka vipande vipande. Daftarini hamna, kwa sababu niliandika yale niliyoambiwa niandike. Patient alikuwa nalo kichwani. Sikumuuliza. Nilikuwa na haraka ya kurudi na maziwa.

Hayo ndiyo niliyoyaona na niliyoyafanya, pamoja na lile la rangi. Nimesomewa, ni yangu.

Sahihi: Bénédicte Mukandoli

Maandishi ya ofisa: Maelezo haya nimeyaandika mimi, Koplo Herbert, na kumsomea shahidi kwa Kiswahili. Yalisimamishwa mara mbili kwa ombi lake. Kitenge kimoja chenye rangi ya kijivu kimepokelewa kama kielelezo. Nilimweleza shahidi kwamba hakulazimika kusema habari ya kutomwambia marehemu kuhusu rangi. Alijibu iachwe kama ilivyo. Yalimalizika saa saba kasoro dakika kumi.