Gari la Mzee Limepunguzwa Sauti

Sironga, Nyamira
8 Juni 2025

Mpendwa wifi yangu Drusilla,

Pokea salamu nyingi kutoka nyumbani. U hali gani huko Doha? Joto limekubakishia ngozi kidogo? Na wagonjwa wako wa wodini, bado wanakuita kila unapotaka kukaa? Sisi huku tu wazima. Mvua imenyesha vizuri, majani chai yamechipuka, na Nyakerario wetu ameota meno mawili anayoyajaribu kwenye kidole changu.

Nimeamua kuandika karatasini kwa sababu Mama unamjua. Ujumbe wowote wa simu anaufungulia sauti mpaka ng'ombe wasikie, na haya ni ya masikio yako peke yako.

Ni habari ya lile gari. Aliyemwuzia baba yako alikuwa ameng'oa sailensa akaweka bomba tupu, na Mzee akaona amepata zawadi. Akiliwasha, mazungumzo ya boma zima yanaahirishwa. Sabato moja alichelewa kanisani, mchungaji akakatiza maombi kungoja injini izimwe, na washiriki wakaitikia amina mahali ambapo si pake.

Mimi nilikuwa nikimhurumia mtoto. Kila asubuhi Mzee analipasha gari moto uani, naye Nyakerario kimya, hatikisiki, nikadhani hofu imemlegeza. Lakini ningemwambiaje? Chinsoni, mila yetu ya heshima, waijua: mkwe na mkaza mwana hawataniani, hawasogeleani, na kiti chake sikigusi hata kwa kukipangusa vumbi. Nikapitia kwa Mama.

Mzee alinuna. Miaka yote ya ualimu alifika Ikonge kwa baiskeli na hakuna aliyegeuza shingo; sasa amepata cha kumtangaza, tunakizima! Mwishowe akakubali kwa ajili ya mjukuu, akalipeleka gari kwa Orwa, fundi kutoka upande wa ziwani mwenye gereji Nyamira mjini. Kaka yako Okemwa alimsindikiza. Anasema Mzee alitoa amri moja tu: "Ondoa kelele, lakini kifua ibaki. Sitaki gari ya kunong'ona."

"Wacha wasiwasi, mzee," Orwa akamjibu. "Hii nitaifanya iongee kama askofu."

Na kweli. Alichomelea sailensa kubwa nyuma, akaongeza kopo katikati ya ekzosi la kumeza ule ukali, ila bomba lenyewe akaliacha pana. Siku hizi gari linanguruma chinichini, zito, unalihisi kifuani kabla hujalisikia. Mzee anatabasamu peke yake, na mchungaji anamaliza maombi yake.

Shida ikahamia kwa mtoto. Nyakerario akakataa kabisa kulala! Alilia mpaka sauti ikakauka. Kumbe ile kelele ndiyo iliyokuwa ikimbembeleza, na mimi mwenyewe ndiye niliyeomba iondolewe.

Alhamisi moja Mzee alikuwa ameenda Masimba. Nikiwa sebuleni kwa Mama, mtoto mgongoni, nikajaribu kunguruma kwa mdomo. Mtoto akanyamaza. Mama akacheka, nami unavyonijua, nikichekewa sijui kusimama. Nikachukua ungo ukawa usukani. Nikavaa kofia ya Mzee. Nikakaa kwenye kiti chake, wifi, kile kile, nikatoa kifua nje na kubadilisha gia nikipungia mkono watu wa Ikonge.

Kwa ngurumo yangu sikusikia ya gari. Nilipoinua macho, Mzee alikuwa mlangoni.

Nilijiona tayari nimerudishwa kwetu na mizigo yangu, wazee wakiitwa kuamua kesi ya mkaza mwana aliyemvaa mkwe. Mzee alinitazama, akaitazama ile kofia, akageuka na kuondoka kwa kunyata, viatu mkononi.

Tukasikia gari likirudi nyuma mpaka langoni. Kisha injini ikazimwa. Halafu, Drusilla, nakuapia, ikasikika sauti ya mtu: "Vruuum! Vruuum! Pii, pii!" Nikachungulia dirishani. Baba yako, mzee wa kanisa mwenye mvi zake, amesimama pale barabarani, mashavu yamevimba, ananguruma kwa nguvu zake zote ili nisikie kwamba anafika.

Nilivua kofia, nikarudisha ungo, nikakimbilia jikoni. Ndipo akaingia polepole, akamsalimu Mama kama mtu aliyetoka safari, akauliza kama kuna chai.

Huko jikoni nilicheka, kisha nikalia. Nimeishi humu nikimwogopa mtu huyu, naye amejiaibisha mbele ya barabara nzima ili mimi nisiaibike ndani ya nyumba.

Tangu hapo kila akifika langoni anazima gari, ananguruma kwa mdomo, ndipo aingie. Majirani wanasema mwalimu ameanza kuzeeka vibaya. Mama anawajibu kwamba ni kweli. Nyakerario akimsikia tu, analala.

Okemwa na Mama wanakusalimu sana. Mwenyezi Mungu akulinde ugenini na akurudishe kwetu ukiwa mzima na mwenye furaha. Ukija, usimwambie Mzee kwamba unajua.

Wifi yako akupendaye kwa moyo wote,
Loice